Kuli Aliyehesabu Wasomaji Wake: Ousmane Sembène Kabla ya Kuitwa Baba

Mwaka 1951, katika bandari ya Marseille kusini mwa Ufaransa, kuli mmoja kutoka Senegal alivunjika uti wa mgongo akipakua mzigo. Akalala miezi. Alipoinuka, mgongo haukuwa tena wa magunia, na saa ambazo zamani alizimaliza gatini akaanza kuzipeleka kwenye maktaba ya chama cha wafanyakazi, CGT. Alikuwa na miaka 28. Hakuwa na kitabu chenye jina lake, na kamera ya filamu hakuwahi kuishika.

Kuli huyo ni Ousmane Sembène. Leo likitajwa jina lake, maneno yanayofuata yanajulikana: baba wa sinema ya Afrika. Nimeyatumia mwenyewe, tena zaidi ya mara moja. Siku hizi yananikera, kwa sababu yanaianza hadithi mahali pabaya. Yanaianza mwaka 1963, Sembène anapotoa filamu yake ya kwanza akiwa mtu mzima wa miaka 40, kana kwamba alishuka mbinguni na kamera begani. Miaka yote ya nyuma inageuzwa utangulizi wa kupitwa mbio: alivua, alijenga, alikuwa askari, alikuwa kuli, basi. Mimi nasema humo ndimo ilimo sinema yake. Anayeishi kwa ujira wa siku hujifunza kuhesabu, na filamu za mwanzo za Sembène ni filamu za mtu anayehesabu. Nani kamlipa nani, kiasi gani, kimebaki nini mfukoni, na nani kateremka bila kulipa.

Alizaliwa mwaka 1923 huko Ziguinchor, mji wa Casamance, kusini kabisa mwa Senegal, ng'ambo ya Gambia. Baba yake alikuwa mvuvi Mlebu. Walebu ni watu wa pwani ya Dakar, na bahari ndiyo shamba lao. Kijana alipita chuoni akasoma Kurani, akapita shule ya Kifaransa, na huko mambo yakaharibika mwaka 1936. Aligombana na mwalimu mkuu, akafukuzwa. Masomo yake ya darasani yakaishia hapo. Baba akamchukua chomboni, lakini bahari ilimkataa, kichefuchefu hakikumwacha. Mtoto wa mvuvi asiyestahimili mawimbi ana kazi gani pwani? Mwaka 1938 akaenda Dakar, akashika kila kilichojitokeza, uashi, umakanika, vibarua vya mkono.

Mwaka 1944 aliitwa jeshini, katika vikosi ambavyo Ufaransa iliviita tirailleurs sénégalais hata kama askari wake walitoka kila pembe ya Afrika Magharibi. Alipelekwa Niger. Mwishoni mwa mwaka huohuo, alfajiri ya tarehe 1 Desemba, jeshi la Ufaransa liliwafyatulia risasi askari wake lenyewe katika kambi ya Thiaroye, nje kidogo ya Dakar. Walikuwa watu weusi waliotekwa na Wajerumani, wakakaa miaka kwenye kambi za mateka, wakarudishwa nyumbani, wakadai malimbikizo ya mishahara yao. Serikali ilikiri vifo 35, na wanahistoria wengi wanaamini idadi ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Ufaransa ilichukua miaka 80 mpaka rais wake kuyaita yaliyotokea mauaji ya halaiki. Sembène aliyarudia mwaka 1988 katika filamu aliyoiongoza pamoja na Thierno Faty Sow, na ukiitazama utaona kiini chake ni hesabu, kwamba askari hawa waliahidiwa kiasi fulani na mezani wakawekewa pungufu. Nalitaja mapema kwa makusudi. Kijana wa miaka 21 aliyevaa sare ileile hawezi kuyasikia yaliyowapata wenzake kisha akabaki na heshima ileile kwa bendera.

Kisha ukaja mwaka 1947. Wasomaji wa mwambao wetu wana sababu ya kuukumbuka. Januari ya mwaka huo Mombasa ilisimama kwa mgomo mkuu, makuli na watu wa reli wakiwa ndani yake. Septemba makuli wa Dar es Salaam waliweka mizigo chini na mgomo ukapanda bara kwa njia ya reli, na mwaka uliofuata ikawa zamu ya Unguja. Upande wa pili wa bara, tarehe 10 Oktoba 1947, wafanyakazi Waafrika wa reli ya Dakar hadi mto Niger waligoma, na hawakurudi kazini mpaka Machi 1948. Miezi mitano. Walichodai kinaelezeka kwa sentensi moja, kwamba anayefanya kazi ileile na Mfaransa ahesabiwe katika ngazi ileile na apate posho za familia kama yeye. Watu hao hawakuandikiana barua na makuli wa Mombasa. Vita ilikuwa imepandisha bei za vyakula kila bandari ya mkoloni, mishahara ikabaki pale pale, na kila mahali watu walipiga hesabu moja wakapata jibu moja.

Mgomo ule ulimkuta Sembène Dakar, akauona. Haukupita muda akazamia meli, kama wanavyosema vijana wa bandari zetu, akaibukia Ufaransa. Alifanya kazi kiwanda cha magari cha Citroën mjini Paris, kisha akateremka Marseille na kuwa kuli. Huko aliingia CGT, akaingia Chama cha Kikomunisti, akashiriki mgomo wa makuli waliokataa kupakia silaha zilizokuwa zikipelekwa kwenye vita ya Ufaransa huko Vietnam. Kwa mtu wa Afrika hilo halikuwa jambo dogo. Hata leo linanisimamisha, kuli mweusi asiye na kitu, ugenini, anakataa ujira wa siku ili bunduki isimfikie mkulima wa Asia ambaye hatamwona maishani.

Ndipo ikaja ajali, na maktaba.

Wako wanaosimulia habari za maktaba kama muujiza, mtu anaumia, anasoma, anageuka msanii. Sikubaliani nao. Maktaba ya CGT ilikuwepo kwa sababu wafanyakazi waliichangia fedha zao, na wasomaji wake walikuwa watu wa kazi. Sembène alizikuta humo riwaya za Claude McKay, Mjamaika aliyeandika juu ya watu weusi wa bandari hiyohiyo ya Marseille, na za Jacques Roumain wa Haiti, aliyeandika juu ya wanakijiji wanaotafuta maji. Aliona jambo ambalo shule ya Ziguinchor haikumwonyesha, kwamba mtu kama yeye anaweza kuwa mhusika mkuu wa kitabu. Kingine alichokiona hakikumpendeza. Vitabu juu ya Afrika vilikuwa vingi, na karibu vyote vilikuwa vya wageni.

Mwaka 1956 akatoa riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, yaani Kuli Mweusi. Haijakomaa. Inapiga kelele pale ambapo ingetosha kunong'ona, na wahusika wake Wazungu wengi ni vivuli. Lakini tazama kisa chake. Diaw Falla, kuli wa Marseille, anaandika kitabu usiku baada ya kazi. Mwanamke Mfaransa, mwandishi, anapewa mswada huo amsaidie kuuchapisha, naye anauchapisha kwa jina lake. Kuli anakwenda kudai, wanagombana, mwanamke anakufa, na mahakamani hakuna anayeamini kwamba mtu mweusi wa bandarini angeweza kuandika kitabu kile. Maandishi yametendewa kama gunia. Mmoja amelibeba, mwingine amelipwa.

Mwaka 1960 ikaja Les Bouts de bois de Dieu, riwaya ya mgomo wa reli, na hii ni kazi kubwa isiyohitaji kuombewa radhi. Jina lake linatafsirika Vijiti vya Mungu. Linatoka kwenye imani ya huko kwamba kuwahesabu watu walio hai kwa idadi kunaweza kuwapunguzia maisha, hivyo badala ya kusema watu wangapi husemwa vijiti vingapi vya Mungu. (Hata kwetu wako wazee wasiopenda kuulizwa wana watoto wangapi, watakujibu wapo, na mazungumzo yataishia hapo.) Kwa mtu niliyesema ni mtu wa hesabu, jina hilo lina uzito. Kampuni ya reli iliwahesabu watu wake kwa vichwa, na mwandishi akawaita kwa jina linalokataa wahesabiwe.

Senegal ilipata uhuru mwaka huohuo wa 1960. Sembène akarudi Afrika, akazunguka, akafika hadi Kongo katika siku za msukosuko wa Lumumba. Safari hiyo ilimfumbua macho kwa namna iliyomuuma. Alikuwa ameandika juu ya mafundi wa reli, wake zao, wauzaji wa sokoni huko Thiès, mji wa reli, vipofu, ombaomba. Aliandika kwa Kifaransa. Na watu hao walio wengi hawakuweza kusoma Kifaransa, na wengi hawakuweza kusoma kabisa. Hapo ndipo kuli alipohesabu wasomaji wake, akakuta kwamba waliomo ndani ya kitabu ni wengi na wanaoweza kukifungua ni wachache.

Waandishi wengi wa kizazi chake walilijua tatizo hili. Waliliandikia makala, wakalijadili kwenye mikutano, wakaendelea kuandika kama kawaida. Sembène, karibu na miaka 40, mwenye riwaya zilizosifiwa, alifanya jambo ambalo watu wazima wenye majina hawalipendi. Alirudi darasani. Nafasi aliipata Moscow, kwenye studio ya Gorky, na mwalimu wake akawa Mark Donskoy, mwongozaji ambaye kabla na mwanzoni mwa Vita ya Pili ya Dunia alitengeneza filamu tatu juu ya ujana wa Maksim Gorky, mtoto maskini aliyelelewa na bibi, akafanya vibarua vya kila aina, akajisomea mwenyewe mpaka akawa mwandishi. Sembène hakuhitaji kuelezwa hadithi hiyo. Katika kipindi hicho alikuwepo huko pia Sarah Maldoror, ambaye baadaye angepiga filamu za harakati za ukombozi wa Angola. Mafunzo ya Sembène yalichukua mwaka mmoja hivi. Aliondoka Moscow na kamera ya zamani na ujuzi wa kutosha kuanza.

Kuanza wapi, hilo ndilo swali. Tangu mwaka 1934 kulikuwa na amri iliyobeba jina la waziri Pierre Laval. Yeyote anayetaka kupiga filamu katika makoloni ya Ufaransa ya Afrika Magharibi alitakiwa kupata kibali cha gavana, ambaye angekagua mswada na wahusika wa kazi hiyo. Waafrika walionyimwa kamera kwa amri hiyo walikuwa watu wa kweli. Paulin Vieyra na wenzake, waliosomea sinema Paris, walipotaka kutengeneza filamu mwaka 1955 iliwabidi waipige Paris kwenyewe, juu ya Waafrika wa huko, kwa kuwa nyumbani hawakuruhusiwa. Kwa hiyo Sembène alipoweka kamera kwenye mtaa wa Dakar baada ya uhuru, mtaa huo ulikuwa umepigwa picha mara nyingi na wageni, na wenyewe hawajapewa zamu.

Filamu aliyoitoa mwaka 1963 inaitwa Borom Sarret, yaani mwenye mkokoteni. Ni dakika 20 tu. Mara ya kwanza nilipoiona niliirudia palepale, na mara ya pili nilichukua kalamu nikaandika mapato. Mwenye mkokoteni anatoka asubuhi na farasi wake, nyumbani hamna kitu. Abiria wake wa kila siku wanapanda, wanashuka, wanampa mkono badala ya nauli. Anabeba matofali. Anampeleka mjamzito hospitali. Anapata senti kidogo, kisha anatokea msifu nasaba, mwimbaji mwenye nguo safi kuliko zake, anamwimbia ukuu wa babu zake, na mwenye mkokoteni anamimina mapato yote ya asubuhi mikononi mwake. Baba mmoja amebeba maiti ya mtoto wake mchanga, wanakwenda makaburini, wanazuiwa mlangoni kwa sababu ya karatasi. Mwisho bwana mmoja aliyevaa suti anamshawishi ampeleke Plateau, mtaa wa wakubwa ambako mikokoteni hairuhusiwi. Polisi anatokea. Mwenye mkokoteni anatoa karatasi zake, nishani yake ya vita inaanguka, na polisi anaikanyaga. Bwana wa suti keshapotea bila kulipa. Mkokoteni unachukuliwa. Anarudi nyumbani anaburuta farasi. Mkewe anampa mtoto amshike, anatoka, na kusema usiku watakula.

Wachambuzi wengi hukaa kwenye nishani ile, na wana haki, maana ndiyo historia yote ya askari wa kikoloni chini ya soli ya kiatu. Mimi hukaa kwa yule mwimbaji. Sembène angeweza kumfanya polisi kuwa mwizi pekee wa siku hiyo, na sisi watazamaji tungerudi nyumbani tumeridhika. Lakini mtu aliyewahi kuishi kwa kibarua anajua kwamba fedha hutoka kwa matundu mengi, na tundu mojawapo ni fahari. Mwenye mkokoteni alinyang'anywa na dola jioni, lakini asubuhi alikuwa ameshajinyang'anya mwenyewe ili aitwe mtoto wa wakubwa. Mwongozaji asiyewahi kuwa na njaa angeona aibu kulisema hilo juu ya maskini. Sembène hakuona aibu, kwa kuwa alikuwa akiwasema watu wa kwao.

Miaka mitatu baadaye ikaja La Noire de…, na hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa lugha yetu inalifungua jina la filamu hii vizuri kuliko lugha nyingi. Neno lile la Kifaransa, de, linafanya kazi ya kiunganishi chetu, wa. Mwanamke mweusi wa… Wa wapi? Wa nani? Kwetu pia wa hiyohiyo inabeba asili na umiliki. Sema mtu wa Dakar, umetaja kwao. Sema mtu wa Bwana fulani, umetaja mwenye mali. Sembène akaweka vitone vitatu na kuacha nafasi wazi, na filamu nzima ni kisa cha jinsi nafasi hiyo inavyojazwa. Diouana anachukuliwa kibarazani Dakar, mahali wanawake wanapokaa kusubiri mabibi wa Kizungu waje kuchagua watumishi. Anaajiriwa kuwa yaya. Anapelekwa Antibes, kwenye fukwe za Ufaransa, na huko watoto hawapo. Anageuzwa mpishi, dobi, mfagiaji, mtu wa kuonyeshwa wageni mezani. Mshahara unacheleweshwa. Ufaransa aliyoiota inakuwa jiko, bafu, chumba cha kulala na sebule. Anajiua bafuni.

Kisa kilianzia kwenye habari fupi ya gazeti la Ufaransa ya mwaka 1958, kisha Sembène akakiandika kama hadithi fupi kabla ya kukipiga filamu. Wadada wetu wanaokwenda kufanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba, pasipoti zao zikafungiwa kabatini mwa mwajiri, wataielewa filamu hii bila mkalimani, ingawa ni ya mwaka 1966.

Lakini kuna kasoro ndani yake, na kasoro hiyo ndiyo iliyoisukuma kazi yake mbele. Tunamsikia Diouana akiwaza. Mawazo hayo ni ya Kifaransa. Mwanamke huyu hawezi kusoma barua ya mama yake, mbele ya waajiri husema maneno mawili matatu, ndiyo Bibi, ndiyo Bwana, na bado ndani ya kichwa chake anazungumza Kifaransa kilichonyooka. Tena sauti tunayoisikia si ya Mbissine Thérèse Diop, yule mwigizaji wa ajabu ambaye uso wake umeibeba filamu. Ni ya Toto Bissainthe, mwimbaji kutoka Haiti. Uso wa mtu mmoja, sauti ya mwingine, lugha ya tatu. Yako maelezo ya kutosha. Sauti iliingizwa baada ya kupiga picha, fedha zilitoka Ufaransa, na watazamaji walitarajiwa kuwa Wafaransa pia. Nayakubali yote. Ila filamu inayohusu mwanamke aliyenyang'anywa sauti ilimnyang'anya sauti kwa mara nyingine, na sidhani Sembène alihitaji mchambuzi kumwambia. Ilipata tuzo ya Jean Vigo Ufaransa na tuzo kuu ya tamasha la Carthage huko Tunisia, mwaka huohuo wa 1966. Mtu mwingine angeendelea na njia hiyo hiyo iliyomletea vikombe.

Yeye akatengeneza Mandabi, mwaka 1968, kwa Kiwolofu, lugha ya mitaa ya Dakar.

Neno mandabi ni mani oda, limetoholewa kutoka Kifaransa kama sisi tulivyolitohoa letu kutoka Kiingereza. Ibrahima Dieng, mzee wa Dakar mwenye wake wawili na hana kazi, anapata mani oda kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara Paris. Faranga 25,000. Na barua inasema wazi: 20,000 zihifadhiwe, 3,000 apewe mama wa kijana, 2,000 ni za mjomba. Kabla noti moja haijatoka posta, mtaa mzima umeshajua, na kila jirani ana shida. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa na picha. Cheti kinataka tarehe ya kuzaliwa ambayo hakuna aliyeiandika. Kila dirisha lina foleni, na kila anayekusaidia ana mkono. Mwishowe jamaa yake msomi, mwenye suti na gari, anajitolea kumtolea fedha zile kwa niaba yake, na zinakwenda moja kwa moja.

Asiyeyajua haya na anyooshe kidole. Nimeitazama filamu hii nikiwa na watu ambao hawajui hata neno moja la Kiwolofu, na walicheka kabla tafsiri haijatokea chini ya picha, kwa kuwa walikuwa wanalijua dirisha lile na karani yule. Dieng anabishana, anabembeleza, anajigamba, anaapa kwa Mungu, na Mwafrika huyu kwenye skrini kubwa alifanya hayo yote kwa lugha anayootea ndoto.

Lugha hiyo ililipiwa. Fedha za Mandabi zilitoka kwenye mfuko wa sinema wa serikali ya Ufaransa, na zilikuja na masharti. Filamu iwe ya rangi, jambo ambalo Sembène hakulipenda, akihofia rangi zitaleta mapambo ya kitalii. Ikapigwa matoleo mawili, moja la Kifaransa na moja la Kiwolofu, waigizaji walewale wakirudia maneno kwa lugha ya pili. Wako wanaomlaumu kwa kula mezani kwa mkoloni huku akimtukana. Lawama hiyo sioni uzito wake. Mpiga mgomo anapokea mshahara wa kampuni anayoigomea. Atapokea wa nani? La kuuliza ni alichotoka nacho. Alitoka na filamu ya dakika 90 hivi ya Kiwolofu, ikapata tuzo maalumu ya majaji Venice, na filamu zake zilizofuata zikashika njia hiyo ya lugha za nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akashirikiana na mtaalamu wa lugha Pathé Diagne kuanzisha Kaddu, gazeti la Kiwolofu. Na Rais Senghor wa Senegal, mshairi aliyeandika kwa Kifaransa, alipoizuia filamu yake Ceddo ya mwaka 1977, sababu iliyotangazwa ilikuwa tahajia: neno hilo la Kiwolofu, serikali ilisema, liandikwe kwa d moja. Sembène akakataa kuifuta ya pili.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaoandika na kuigiza kwa Kiswahili hatukupigania kiasi hicho. Filamu za mtaani za Dar es Salaam zilianza kwa Kiswahili bila kuomba ruhusa ya mtu, zikauzwa kwenye vibanda, zikavuka hadi Lubumbashi na Bujumbura. Huo ni utajiri, na Sembène angeutamani. Ninachokikosa katika nyingi ya filamu hizo ni lile jicho lake la fedha. Tuna majumba ya kifahari sebuleni, tuna wachumba waliosalitiana, lakini mara nyingi hatuoni mhusika analipwa na nani, na kwa kazi gani. Kibarua anapita nyuma ya picha akimwagilia bustani. Ningependa siku moja kamera imgeukie huyo, ikae naye tangu asubuhi, ihesabu naye.

Sembène aliita sinema shule ya jioni, na alilichukulia neno hilo kwa uzito wake wa kawaida, shule kwa watu wanaotoka kazini. Alizunguka vijijini na filamu zake, akazionyesha, kisha akakaa na wanakijiji kuzijadili mpaka usiku. Kwa mtu aliyeikuta elimu yake kwenye maktaba ya makuli, hakukuwa na mfano mwingine wa shule wa kuiga.

Mwaka 1971 alirudi Casamance na kamera. Filamu inaitwa Emitaï, na watu wake wanazungumza Kidiola, lugha ya wenyeji wa eneo alikozaliwa, ambayo haikuwa lugha ya kwao Walebu. Ni wakati wa Vita ya Pili. Jeshi la kikoloni limefika kijijini kuchukua mpunga wa kulisha askari, wanawake wameuficha na hawasemi ulipo. Wanakalishwa juani, mchana kutwa, wameweka mikono mapajani, kimya, watoto kando yao. Wanaowalinda kwa bunduki ni vijana weusi wenye kofia nyekundu, tirailleurs, na wawili kati yao wanashindwa kuelewa jambo: iweje de Gaulle, jenerali mwenye nyota mbili, amwondoe Pétain, mtawala wa Ufaransa na marshali mwenye nyota saba? Wanarudia hesabu hiyo, haiingii akilini. Mwongozaji aliyesimama nyuma ya kamera aliwahi kuvaa kofia ile mwaka 1944. Sasa ameiweka kamera upande wa wanawake, na haiondoi hapo kwa muda mrefu sana, mpaka mtazamaji naye aanze kuhisi jua.